Alikofikia si kwao

Nyinyi vijana mlioanza juzi kwenye dawati la rejista ya saratani, nawapenda, lakini jana mmenipandisha presha. Nafungua kazi ya wiki, nakuta limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) 14, na 11 kati yake zimepewa namba ya siri 9590, ya limfoma isiyotajwa aina. Limfoma, basi. Aina hakuna. Hiyo ni sawa na kuandika "mgonjwa anaumwa".

1. Ripoti ya patholojia isomeni mpaka chini, kule kwenye vipimo vya seli kama CD20 na Ki-67, ambako macho yenu huwa yameshachoka. Limfoma ya seli B kubwa iliyosambaa, 9680, ndiyo inayoongoza kwa watu wazima karibu kila nchi. Mkiifukia ndani ya 9590, mwaka ukiisha itaonekana kana kwamba Kenya haina ugonjwa huo.

2. Mwanaisha wa faili la biopsi na Aisha wa faili la kemo huenda ni mtu mmoja, nanyi mkamhesabu mara mbili. Tazameni jina la babu.

3. Makazi, yaani kwao mgonjwa ni wapi. Hapa ndipo nilipoaibika, na mnanifuata nyayo kwa nyayo.

Mwaka wangu wa pili, wadi ya watoto ilikuwa ikipokea uvimbe wa taya mmoja baada ya mwingine. Burkitt, limfoma inayowapata watoto hasa. Nami na daftari langu, kitanda hadi kitanda: "Mama, mwakaa wapi?" "Likoni." Naandika Likoni. "Nanyi?" "Kisauni." Naandika. Mwisho wa mwaka nikagawanya idadi ya watoto hao kwa wakazi wa kaunti ya Mombasa, wote 1,208,333 wa sensa ya 2019, vikongwe ndani (ugonjwa wa watoto huo, jamani!), nikachora grafu nyekundu, nikaipeleka mkutanoni nimevaa tai.

Daktari mmoja wa watoto, mtu mzima, akavua miwani. "Mwanangu, Likoni kuna nini?" Nikajibu, Mola anisamehe, eti huenda ni mbu wa kule. Na watu wakaandika!

Tulipotoka, muuguzi mkuu akanishika mkono hadi wadini, akasimama mbele ya mama niliyemwandika mwenyewe. "Likoni ni kwa nani, mama?" "Kwa shangaziye mtoto. Tumefikia pale sababu ya dawa." "Na kwenu?" "Ganze."

Nikaanza upya. Ganze. Kinango. Magarini. Lunga Lunga. Vijiji vya Kilifi na Kwale, si Mombasa. Kati ya watoto 9 niliowafanya wa mjini, wa Mombasa hasa alikuwa mmoja. Wengine walikuwa wamesharuhusiwa, nikawatafuta kwa simu wiki tatu, nusu ya namba ni za makondakta.

Mbu ana mkono wake kweli, kupitia malaria, akisaidiana na virusi vya Epstein-Barr. Lakini mbu wa Likoni hakumjua mtoto wa Ganze. Na kinachoniuma zaidi, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeueleza uvimbe huu 1958 akiwa Kampala, alipata ramani yake kwa kufuatilia watoto wanatoka wapi. Mwaka 1961 akaendesha gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akakuta nyanda za juu zenye baridi hazina ugonjwa, nchi za joto na mvua zinao. Angeandika anwani za mashangazi, ramani ingemwonyesha hospitali tu.

4. Wadi si nchi. Mtu akiwaambia "Burkitt ndiyo limfoma ya Wakenya", muulizeni amehesabia wapi, kwa watoto wa Pwani au kwa wazee kliniki ya Nairobi? Na ile limfoma ya folikula iliyojaa Marekani na Ulaya msiikisie hapa kwa kuwa kitabu kimeisifu.

5. Limfoma ya Hodgkin duniani ni kama moja katika kila limfoma kumi hivi. Ikifurika mezani kwako, kuna mtu ameila ile "non" ya mbele kwenye "non-Hodgkin".

Faili zote nimezirudisha kwenye trei yenu, na simu ya ofisi ina salio. Anzeni na yule mtoto "wa Changamwe" ambaye kadi yake ya chanjo ina mihuri ya Kwale mitupu.