Mambo ya Kukagua Kabla ya Kujumlisha Tabaka za Ramani ya Kahawa

Wengi mnaojiunga hapa Nairobi na kazi hii ya kuchora ramani za ardhi inayofaa kahawa hukimbilia hatua ya kugawa uzito wa vigezo, yaani kuamua kila kigezo kina umuhimu gani, na kujumlisha alama za tabaka (ramani za mvua, udongo na mwinuko zinazowekwa moja juu ya nyingine), ilhali makosa mazito huzaliwa mapema zaidi.

Katika mwaka wangu wa kwanza niliitandaza ramani ya zamani ya karatasi, yenye vipimo vya Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali), juu ya picha za setilaiti zilizo katika WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kubadilisha mfumo. Kila kitu kilihama takriban mita 300. Kwenye migongo ya Murang'a, umbali huo unatosha kukushusha kutoka kilimani hadi bondeni, na ndivyo nilivyoipa alama ya juu sehemu ambayo maji hutuama, mahali ambapo mizizi ya mbuni ingeoza. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya ni kutafuta daraja au njia panda na kuhakikisha kwamba inakaa mahali pamoja katika tabaka zote. Anayefanya kazi Meru awe makini zaidi, kwa sababu ikweta hupita huko na kanda ya viwianishi ya kusini hubadilika kuwa ya kaskazini.

Jambo la pili ni kuondoa kwanza ardhi isiyowezekana kabisa. Arabika nchini Kenya hustawi hasa kati ya mita 1,400 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiuchukulia mwinuko kama alama tu, mvua nzuri na udongo mwekundu wenye kina vitafidia baridi ya mita 2,500, na ramani itasema panafaa. Ondoa vilevile misitu iliyohifadhiwa na majengo, ukitumia picha za karibuni, maana huko Kiambu mashamba mengi ya kahawa yamekuwa mitaa ya nyumba.

Data ya CHIRPS, makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti na vituo vya hali ya hewa, ina pikseli (vipande vya mraba vya ramani) za kilomita 5 hivi. Kuzikata ziwe za mita 30 zilingane na za mwinuko hakuongezi taarifa yoyote, kwa hiyo usimweleze mkulima tofauti ya mvua kati ya shamba lake na la jirani.

Mwishowe nendeni shambani na jembe. Chimbeni hadi mita moja na nusu katika sehemu zilizopata alama ya juu na pia zile zilizokataliwa, na mkigonga mwamba, andikeni kina na viwianishi palepale, kabla ya kurudi garini.