Muulize Mwalimu: Kitabu nakijua chote, mbona maksi hazipandi?

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi niko kidato cha nne huku Kisauni. Setibuku zetu za Kizungu (vile vitabu vya fasihi tunavyotahiniwa) nshazisoma zote, ile riwaya ya lazima hata nimeirudia, wenzangu wakikwama wanakuja kuniuliza mimi. Lakini nikiandika insha napata 8 ama 9 kwa 20, na ticha anaandika pembeni "unasimulia", basi, haelezi zaidi. Kuna msichana hapa darasani kitabu hata hajamaliza na ananipita. Nifanyeje?
Mpenda Hadithi, Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Huyo msichana muache kwanza, pengine ameshika kitu kimoja tu ambacho wewe bado. Ticha wako naye amesema ukweli ila angekuongezea maneno mawili matatu. Sikiza, anayesahihisha pepa ya 3, ile ya insha kwenye mtihani wa Kizungu, kitabu ashakisoma, na kabla afike kwako ashapitia insha kibao za swali hilo hilo, sasa ukianza kumhadithia nani alitoka wapi akaolewa na nani unampa kitu anacho tayari. Swali la insha huwa limebeba dai. Linaweza kuja hivi, "tamaa humpofusha mtu, thibitisha". Unalipwa kwa kuthibitisha, hadithi yenyewe hailipi mtu.

Wacha nikuonyeshe na ile ya Abunuwasi na sufuria, hiyo sote twaijua. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani akasema imezaa, jirani akachukua zote mbili akanyamaza. Akaazima tena, mara hii hakurudisha, akaambia watu imekufa. Haya, swali ndio hilo la tamaa. Wewe nadhani ungeandika hivi:

"Siku moja Abunuwasi alienda kwa jirani yake kuazima sufuria. Baada ya siku chache aliirudisha ikiwa na kisufuria ndani. Jirani alifurahi sana. Kisha Abunuwasi akaja tena..."

Nusu ukurasa umeisha na tamaa hata haijatajwa. Sasa soma hii:

"Tamaa inamfanya jirani akubali jambo ambalo anajua fika haliwezekani. Akiambiwa sufuria imezaa haulizi hata swali moja, anapokea kisufuria kwa sababu ni faida yake. Baadaye akilalamika kwamba sufuria haifi, anaulizwa mbona alikubali inazaa, na hapo hana la kujibu. Kwa kutamani kisufuria, amepoteza sufuria."

Umeona? Matukio ni yale yale lakini kila moja limepewa kazi. Pointi imetangulia, ushahidi umefuata, alafu aya imefungwa kwa kurudi kwa swali. Na hakuna mahali nimeeleza Abunuwasi ni nani wala alikuwa anaishi wapi, sababu swali halikuuliza.

Kwa kawaida zile maksi 20 zagawanywa hivi: utangulizi 2, pointi nne kila moja 3, hitimisho 2, lugha 4. Kwa hivyo mtu mwenye pointi nne zilizosimama sawasawa anakupita hata kama wewe umejaza kurasa tano, na pengine ndio siri ya huyo msichana (ila mwambie amalize kitabu, pepa ya 2, inayouliza maswali ya kitabu chenyewe, itamuumbua). Pia kumbuka pepa ya 3 ni saa mbili na nusu kwa maswali matatu, yaani kompo (insha ya kubuni mwenyewe), riwaya ama tamthilia ya lazima, na kile kitabu cha hiari. Ni dakika 50 kila moja, na ukipanga pointi zako kabla uanze, hizo 50 zapungua zaidi, sa hadithi ndefu utaiandika saa ngapi?

Chukua insha zako za zamani na penseli, pigia mstari kila sentensi inayoanza na "then" au "after that" au "one day". Kila uliyopigia jiulize inathibitisha nini, ukikosa jibu ifute ama uigeuze. Fanya hivyo na insha tatu nne utaanza kujisikia mwenyewe ukiteleza katikati ya kuandika. Na usitupe huo upenzi wa hadithi, kwenye kompo utakufaa sana, mradi usivuke yale maneno 450 na usianze na jua lililochomoza kwa madaha, tumechoka na hilo jua.

Mwalimu salaam. Kijana wangu ataka pesa akaangalie mchezo wa setibuku, kuna kundi la waigizaji linakuja shuleni kwao. Asema akiuona hana haja ya kusoma tena. Nimpe?
Mama wa watatu, Likoni

Salaam dada. Kama ipo mpe, kuona mtu akisimama na kusema yale maneno kunasaidia sana, hasa kwa tamthilia, ambayo hata hivyo iliandikwa ichezwe. Lakini hilo la kutosoma tena hapana. Waigizaji hukata sehemu ili wamalize mapema, na huongeza vichekesho vyao ili watoto wasilale. Sasa kwenye pepa ya 2 ya Kizungu watahini wanatoa kipande cha kitabu chenyewe, maksi 25, wanauliza nini kimetokea kabla ya hapo ama nini kinafuata, na aliyetegemea mchezo ataandika kichekesho cha mwigizaji akidhani kimo kitabuni. Nimeziona karatasi za aina hiyo, unacheka huku roho inauma.

Mwambie asome kwanza ndio aende. Akirudi mkalishe akuambie wapi waliruka na wapi waliongeza, akishindwa arudi kwa kitabu.