Staa Wako Kaumia Kabla Ligi Haijaanza? Angalia Haya Kabla Hujamtupa Fantasi

Fantasi ya Ligi Kuu Uingereza, ule mchezo wa mtandaoni ambao unanunua kikosi cha wachezaji halisi kwa pesa za mchezo na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, ikifunguliwa tu mwezi wa saba kila mtu anatuma skrinishoti ya kikosi chake kwenye grupu, majigambo kibao, afu haipiti muda zinaanza zile taarifa: fulani kashika paja mechi ya kirafiki, fulani hajasafiri na timu, fulani kaonekana anakimbia peke yake pembeni ya uwanja. Hapo grupu linagawanyika. Kuna wanaomtoa mtu dakika ileile, na kuna wanaosema ah huyo ni staa atarudi tu, tena nampata kwa sababu wengine wote wanamkimbia.

Mi nimecheza hii kitu misimu ya kutosha na msimamo wangu siku hizi ni mmoja. Swali la "anarudi lini" ni swali dogo. Swali kubwa ni akirudi atacheza dakika ngapi, na mpaka hapo nani anakula nafasi yake. Fantasi hailipi jina, inalipa dakika.

Tuanze na hesabu maana wengi wanairuka. Mchezaji akicheza dakika 60 na kuendelea anapata pointi 2 za kuonekana, chini ya hapo ni 1. Beki na kipa pointi za klinishiti (timu kumaliza bila kufungwa) hawapati kama hawajafika hizo 60. Kwa hiyo mtu aliyekosa maandalizi ya msimu, hata kama daktari kasema yuko fiti kabisa, wiki tatu za kwanza kocha atamwingiza dakika ya 65, wiki inayofuata dakika ya 60, afu siku akimwanzisha anamtoa mapema ili asimvunje tena. We umemlipia bei ya mtu wa dakika 90.

Na kuna balaa lingine dogo ambalo linaniudhi kuliko yote. Ukiwa na mtu wa milioni 8 anayerudi kutoka majeruhi, akiingia dakika ya 86 anakupa pointi 1 na wakati huohuo anamzuia mchezaji wako wa benchi asiingie, kwa sababu benchi inafanya kazi pale tu aliyeanza kwenye kikosi chako hajacheza hata dakika moja. Kule benchi umemwacha beki wa bei chee kapata klinishiti na asisti (pasi ya bao), pointi zake zinakaa palepale zinakuangalia. Yaani mara nyingine unaomba mtu wako mwenyewe asiingie kabisa!

Sasa majeraha yenyewe hayafanani, na watu wanayachanganya sana.

Misuli ya nyuma ya paja ndo ninayoiogopa kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuonekana mzima, anakimbia, anacheka mazoezini, afu akipiga spidi moja tu inarudi palepale. Mfano mzuri ni Kevin De Bruyne enzi zake Manchester City. Fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul tarehe 10 Juni 2023 alitoka kipindi cha kwanza kwa shida ya paja. Miezi miwili baadae, tarehe 11 Agosti, msimu mpya unafunguliwa na City wako ugenini kwa Burnley, De Bruyne huyu hapa kwenye kikosi kinachoanza. Watu walifurahi. Dakika ya 23 akatoka, paja lilelile, akaenda kufanyiwa upasuaji na akaonekana tena Januari 2024. Aliporudi ndo hayo maajabu ya Newcastle, katokea benchi, kafunga, katoa na pasi ya bao la ushindi, City wakashinda 3-2. Kwa hiyo ubora haukuwa umekwenda popote, ila aliyembeba kuanzia wiki ya kwanza hakula huo ubora. Alikula pointi 1 na pesa kubwa imekwama.

Goti ni habari nyingine. Ligamenti ya ACL, ile ya ndani ya goti, ikikatika hamna mjadala, hiyo mara nyingi ni miezi tisa au zaidi, unamfuta kichwani na kuendelea na maisha. James Maddison yalimkuta Agosti 2025 kwenye mechi ya kirafiki na Newcastle kule Seoul, Levi Colwill wa Chelsea naye goti hilohilo mwezi huohuo. Hao hawakupi presha maana jibu liko wazi. Wanaosumbua ni wale wa goti la "upasuaji mdogo". Gabriel Jesus akiwa Arsenal alifanyiwa mwanzoni mwa Agosti 2023 na kabla mwezi haujaisha alishaonekana uwanjani akitokea benchi. Christopher Nkunku akiwa Chelsea naye goti, mwezi huohuo wa Agosti 2023, Chicago, kirafiki na Borussia Dortmund, wakati prisizoni yake (mechi za maandalizi kabla ya msimu) ilikuwa ya moto kwelikweli na watu wamejaza vikosi vyao jina lake. Yeye hakucheza ligi mpaka tarehe 24 Desemba. Akaingia na kufunga dhidi ya Wolves, lakini msimu wote kamaliza na mechi 11 tu za ligi. Wote wawili goti, wote wawili Agosti, tofauti ni miezi. Ndo maana ukisikia neno "goti" peke yake usifanye chochote, subiri ujue ni nini ndani ya goti na kama upasuaji ushafanyika.

Afu kuna kundi ambalo binafsi nalipenda: waliokuwa majeruhi msimu mzima uliopita lakini maandalizi yote ya msimu mpya wamefanya. Hawa soko linawaogopa bure. Virgil van Dijk aliumia goti Oktoba 2020, akaikosa hata Euro ya kiangazi kilichofuata ili ajiandae vizuri, akacheza prisizoni na Liverpool, na msimu wa 2021/22 akacheza mechi 34 za ligi. Kwahiyo aliyeumia Oktoba na kupona kabla ya Julai mi namwamini kuliko aliyeumia tarehe 28 Julai na "atakuwa tayari kwa mechi ya kwanza". Huyo wa pili hana mazoezi mwilini, hata kama hana maumivu.

Tukija kwenye bei, kuna kitu kizuri: bei zikishapangwa Julai hazisogei mpaka msimu uanze. Na kabla ya dedlaini ya kwanza (muda wa mwisho wa kupanga kikosi cha wiki) unabadilisha wachezaji bure kadri utakavyo, hata ukitaka kufumua wote 15. Kwa hiyo haraka ya nini? Mtu akiumia tarehe 20 Julai unaweza kukaa naye kwenye rasimu yako mpaka siku ya mwisho, haikugharimu hata senti. Shida inaanza baada ya filimbi ya kwanza. Kule mabadiliko ya bure ni moja kwa wiki, ukizidisha unakatwa pointi 4 kwa kila mmoja, na mtu aliyewekewa kibendera, ile alama kwamba huenda asicheze, watu wanamuuza kwa malaki, bei inashuka 0.1, afu 0.1 nyingine. Pesa ya kikosi ni milioni 100 tu, ukipoteza 0.3 wiki mbili za mwanzo utaiona Oktoba pale unapomtaka mtu na unapungukiwa na hiyo hiyo 0.1, inauma sana hii kitu.

Na hapo kwenye vibendera, msiviamini kama msahafu. Njano ya asilimia 75 kabla ya wiki ya kwanza inamaanisha kuna uwezekano wa kuwepo. Haisemi ataanza. Nimeona watu wanabishana "75 ni kubwa hiyo", kubwa ya nini, ya kukaa benchi amevaa bibu?

Mi ninachofanya ni kufuatilia dakika za prisizoni, na simaanishi mabao. Mabao ya kirafiki yanadanganya, mtu anafunga matatu dhidi ya timu ambayo nusu yake ni watoto wa akademi. Naangalia ngazi: mechi hii 30, inayofuata 45, inayofuata 60, ya mwisho 75 au zaidi. Mtu akipanda hivyo, jeraha lake la Juni silijali. Ngazi ikikatika katikati, mfano alicheza 45 afu mechi mbili hayupo kabisa na klabu imekaa kimya, hapo namtoa hata kama kocha anasema ni tahadhari tu. Na angalieni vizuri ile wikendi ya mwisho kabla ya ligi kuanza, timu nyingi zinacheza mechi mbili ndani ya siku mbili, au hata siku moja. Kikosi cha wakubwa kinacheza moja, waliobaki wanapewa hiyo nyingine ili wapate dakika. Ukimkuta staa wako yuko na hao waliobaki, ujue wiki ya kwanza anaanzia benchi. Hii ishara ni bora kuliko mkutano wowote wa kocha na waandishi. Makocha wenyewe mnawajua, "anaendelea vizuri" ya mmoja ni kesho anacheza, ya mwingine ni tukutane Novemba.

Sasa nafasi yenyewe. Hapa ndo utamu ulipo na watu wengi wanaishia kulia na aliyeumia badala ya kumtafuta aliyerithi. Agosti 2021 Andy Robertson, beki wa kushoto wa Liverpool, aliumia enka kwenye kirafiki na Athletic Bilbao, siku chache kabla ya ligi. Mbadala alikuwa Kostas Tsimikas, bei milioni 4, yaani bei ya chini kabisa ya beki. Liverpool wakampiga Norwich 3-0, wakampiga Burnley 2-0, klinishiti mbili mfululizo na Tsimikas akatoa asisti ya bao la Jota. Wiki ya tatu Robertson karudi kikosini na sherehe ikaisha, lakini kwa milioni 4 ulishakula vya kutosha na mtu anabaki kuwa benchi yako. City nao, De Bruyne alipokosekana, Julián Álvarez akapata dakika ambazo wengi hawakutegemea, kamaliza msimu na mechi 36 za ligi.

Ila sio kila mrithi analipa. Uliza kwanza aliyeumia alikuwa anafanya nini: kona, frii kiki, penati? Hizo kazi lazima ziende kwa mtu na mara nyingi haziendi kwa aliyeingia kwenye namba yake. Spurs (Tottenham) wa 2025 bila Maddison na bila Kulusevski, wote majeruhi, aliyefaidika alikuwa Mohammed Kudus, winga aliyekuwa tayari na namba yake. Mechi ya kwanza na Burnley akampikia Richarlison mabao yote mawili. Na ukirudi kwa Nkunku, wengi walikimbilia Nicolas Jackson mara moja. Jackson alimaliza na mabao 14 ya ligi, sio haba, ila bao la kwanza likaja mechi ya tatu na wengi walikuwa washamtupa.

Benchi pia msiipuuze mwanzoni mwa msimu. Dedlaini inafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, na mambo yanaweza kuharibika baada ya hapo. Wiki ya pili ya msimu wa 2025/26 Cole Palmer alijitoa wakati wa kupasha misuli kabla ya mechi na West Ham, dedlaini ishapita kitambo, watu wengine wamempa na ukapteni, yaani pointi zake mara mbili. Chelsea wakashinda 5-1. Mwenye benchi ya watu wanaocheza kweli na makamu kapteni wa maana (anayeshika ukapteni kapteni asipocheza) hakuumia sana, aliyejaza benchi maiti ndo alilia. Kwa hiyo ukiamua kabisa kuanza msimu na mtu mmoja mwenye mashaka, sawa, ila awe mmoja, na benchi ya kwanza awe mtu anayecheza dakika 90 kila wiki hata kama ni wa milioni 4.5 kwenye timu mbovu.

Wale watakaorudi "baada ya mapumziko ya timu za taifa", mapumziko ya kwanza yanakuja Septemba, baada ya mechi kadhaa. Hao siwagusi Agosti hata iweje. Nawaandika pembeni, na mapumziko yakifika siwanunui siku hiyo pia, nasubiri aanze mechi mbili na ya pili apite dakika 70. Kufikia hapo bei yake mara nyingi ishashuka 0.2 au 0.3, na kama nilikuwa nimepanga kutumia waildikadi (kadi ya kufumua kikosi kizima bure) kipindi hicho anaingia bila kunigharimu hata pointi.