Vyeti vya kuzamia kwa familia yenye bajeti finyu

Ndugu, umeuliza familia ya watu wanne ipateje vyeti vya kuzamia kwa mitungi ya hewa bila kumaliza akiba. Usiamini bei ya tangazo. Omba kwa maandishi kama ndani yake mna nadharia, kukodi vifaa, boti na ada ya cheti chenyewe. Hapo ndipo wengi hunaswa.

Kinachookoa fedha zaidi ni kugawa kozi: nadharia na mazoezi ya bwawani mfanyie karibu na nyumbani, kisha mbizi 4 za maji ya wazi, yaani baharini au ziwani, mkazimalizie safarini kwa fomu ya rufaa, inayomwonyesha mkufunzi wa huko sehemu mliyokwisha kumaliza. Kwa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, rufaa hiyo hudumu miezi 12. Cheti cha SSI, shirika jingine la namna hiyo, nacho kinakubalika kote, kwa hiyo linganisheni wakufunzi, si nembo.

Watoto huanza kozi wakiwa na miaka 10. Wa miaka 10 na 11 hawavuki mita 12, tena lazima wazamie na mzazi mwenye cheti au mtaalamu. Basi mzazi mmoja atangulie.

Jazeni fomu ya afya kabla ya kulipa chochote; jibu moja la "ndiyo", kwa mfano kuhusu pumu, laweza kudai saini ya daktari.

Vifaa kodini, isipokuwa miwani ya kuzamia. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua: isipoanguka, inakufaa. Inayovuja hula muda wa bwawani, na kipindi cha ziada hulipiwa.