Kisanduku cha "Hajaamua": kwa mdodosaji anayeanza kazi

Uchaguzi ukikaribia, kampuni za utafiti huajiri wadodosaji kwa mkupuo na mafunzo huwa ya siku chache. Utafundishwa kutumia kishikwambi, kuchagua kaya na kuomba ridhaa ya mhojiwa. Kuhusu jibu la "bado sijaamua" utaambiwa uweke alama kwenye kisanduku chake usonge mbele, basi. Nimefanya kazi hii uwandani kwanza, kisha mezani kwenye takwimu, na nakuambia kisanduku hicho kinahitaji uangalifu kuliko vingine vyote. Kikishajazwa ovyo mlangoni kwa mtu, hakuna mtaalamu wa ofisini atakayekinyoosha.

Wanaosema hawajaamua hawafanani. Yupo anayepima kwa dhati. Yupo aliyeamua zamani ila hajui umetumwa na nani. Yupo ambaye siku ya kura hatatoka nyumbani lakini anaona haya kukiri. Yupo aliyebanwa: familia iko upande huu, wenzake wa kazini upande ule, naye akitaja jina lolote ni kama amemsaliti mtu. Na yupo ambaye mtoto analia ndani, anachotaka ni wewe uondoke. Wote watakupa maneno yale yale.

Wageni wengi wa kazi hii huwaharibia wahojiwa kwa huruma. Mtu ananyamaza kidogo, mdodosaji anaona vibaya, anamtupia: "Au bado hujaamua?" Naye anaitikia upesi, maana umemwondolea mzigo. Katika madodoso mengi jibu hilo halisomwi kwa sauti, limewekwa kwenye skrini kwa ajili yako. Soma swali kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, kisha funga mdomo. Kimya kitakusumbua wewe zaidi ya mhojiwa, yeye anafikiri.

Akisema hajaamua, dodoso zuri lina swali la pili: kwa sasa anaelekea upande gani zaidi? Wengi hutaja jina hapo, na jibu hilo linaingia mahali pake, halichanganywi na la yule aliyetaja mgombea mara ya kwanza bila kusita. Uliza mara moja tu. Ukiuliza ya tatu na ya nne, jina utalipata, lakini utakuwa umelitengeneza wewe. Wapo wadodosaji wanaojivunia kurudi bila "hajaamua" hata mmoja; msimamizi makini akiona hivyo huanza kuwapigia simu wahojiwa wao kuhakiki.

Halafu tenganisha: hajaamua, amekataa kujibu, hatapiga kura. Aliyekwambia "hiyo ni siri yangu" hajasema hajaamua. Kama kishikwambi kina kisanduku kimoja tu kwa wote watatu, lalamika kabla kazi haijaanza.

Sasa tuje kwa aliyeamua na hakuambii, maana huyu ndiye anayeangusha makadirio. Mwaka 1990 nchini Nikaragua tafiti nyingi zilionyesha Daniel Ortega, kiongozi wa Wasandinista waliokuwa madarakani, angeshinda kwa urahisi. Siku ya kura Violeta Chamorro wa upinzani akashinda kwa takriban asilimia 55 dhidi ya 41. Kabla ya kura hiyo watafiti walikuwa wamefanya jaribio dogo la kalamu. Wadodosaji wengine waliandika kwa kalamu yenye rangi za Wasandinista, wengine kwa yenye rangi za upinzani, wengine kwa kalamu isiyo na alama ya chama. Mbele ya kalamu ya upinzani Chamorro aliongoza. Mbele ya kalamu ya Wasandinista Ortega aliongoza, na mbele ya ile isiyo na alama vilevile Ortega akaongoza.

Hiyo kalamu ya tatu ndiyo ninayowaeleza wageni kila mara. Wewe unajiona huna upande. Anayekufungulia mlango hana sababu ya kuamini hivyo. Kitambulisho shingoni, fomu, maswali kuhusu serikali: vyote vinaweza kumfanya akuone wewe ni mtu wa wakubwa. Kwa hiyo angalia rangi ya nguo zako, angalia kalamu, angalia kofia ya bure uliyopewa mahali fulani. Usiongozane na kiongozi wa mtaa hadi mlangoni, hata kama ndiye aliyekuonyesha njia. Mume, mama mkwe au jirani akisogea kusikiliza, omba kwa heshima mzungumze faragha, na ikishindikana andika kwamba kulikuwa na mtu wa pembeni. Mahali ambapo watu wana hofu, karatasi ya mfano wa kura anayoijaza mwenyewe na kuitumbukiza kwenye bahasha hupunguza idadi ya "hajaamua" kuliko ufundi wowote wa kuongea.

Waliobanwa pande mbili wana historia ndefu katika utafiti. Mwaka 1940 mtafiti Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia watu wale wale mwezi baada ya mwezi huko Erie County, Ohio, nchini Marekani, kuanzia Mei hadi Novemba. Walioamua mwishoni hawakuwa wale wenye busara wanaosikiliza pande zote kisha wapime, kama tunavyopenda kuwachora. Wengi walikuwa wasiojali sana siasa, au waliovutwa huku na huku na dini, kipato na jamaa. Ukimkuta wa namna hii usimpe somo la uraia. Muulize lililo kwenye dodoso, mshukuru, ondoka.

Siku moja utahamia mezani, na hapo majaribu ni ya aina nyingine. Tuseme mgombea A ana asilimia 42, B ana 38, na 20 hawajaamua. Bosi atataka jedwali safi, kwa hiyo mtu atapendekeza wasioamua waondolewe. Ghafla A ana 52.5 na B 47.5, na penye sharti la kuvuka nusu umeshamtangaza mshindi wa duru ya kwanza kwa hesabu ya kufuta tu. Hao 20 wakigawanyika 13 kwa B na 7 kwa A, B anashinda 51 kwa 49. Wakitokea nusu yao tu kupiga kura, na wanane kati ya hao kumi wakaenda kwa B, anashinda vilevile. Chapisha hiyo 20 ionekane. Wakikulazimisha kugawa, weka matokeo ya njia mbili tatu na ueleze kila moja umefikaje.

Utasikia pia kanuni ya wazee wa kazi kwamba wasioamua humwendea mpinzani, kwa kuwa aliye madarakani wanamjua na kama wangemtaka wangeshasema. Inavutia akili, ila usiiwekee dau. Mwaka 2004, katika uchaguzi wa rais wa Marekani, kampuni ya utafiti ya Gallup iligawa wasioamua kwa kuegemea upande wa mpinzani, John Kerry, ikafikia 49 kwa 49. George W. Bush, aliyekuwa madarakani, alipata karibu 51, Kerry 48.

Usichambue wasioamua kana kwamba ni sampuli kamili, yaani kundi zima ulilochagua kuhoji, tafadhali. Watu 1,000 wanakupa kiwango cha makosa cha pointi 3 hivi juu au chini. Ndani yao wasioamua wakiwa 120, kiwango chao kinafika pointi 9, na ukiwakata tena kwa umri na jinsia unabaki na uvumi wenye desimali.

La tarehe wengi hulipuuza. Mwaka 1948, katika uchaguzi wa rais wa Marekani, Gallup ilimaliza kuhoji mwezi Oktoba, siku kadhaa kabla ya kura, na mtafiti mwenzao Elmo Roper alikuwa ametangaza tangu Septemba kwamba anaacha, akiona mambo yamekwisha. Makadirio ya mwisho ya Gallup yalimpa Thomas Dewey asilimia 49.5 na Harry Truman 44.5. Truman ndiye aliyepata 49.5. Mwaka 2016 huko Wisconsin, jimbo la Marekani, walioamua katika wiki ya mwisho walimpendelea Donald Trump kwa tofauti ya karibu pointi 30. Lakini usifanye mabadiliko ya dakika za mwisho kuwa kichaka cha kujifichia: mwaka huo huo tafiti nyingi za majimbo zilikuwa na wasomi kupita kiasi na hazikurekebisha uzani wa elimu, yaani hazikupunguza uzito wa majibu yao ili ulingane na sehemu yao halisi. Uingereza mwaka 2015 uchunguzi ulikuta tatizo kubwa lilikuwa sampuli, si watu kubadili mawazo.

Kwa hiyo chunguza mapema sheria za kuchapisha tafiti. Ufaransa matokeo ya tafiti hayachapishwi siku ya kura na siku moja kabla yake. Italia marufuku huanza siku 15 kabla. Panga kazi ya uwandani imalizike karibu na mpaka huo, na juu ya ripoti andika tarehe za kuhoji, maana mtu anaweza kuchapisha leo majibu ya wiki tatu zilizopita.

Fedha zikiwepo, omba uwapigie simu baada ya uchaguzi wale wale waliosema hawajaamua. Wapigie haraka, kwa kuwa wiki zikipita watu huanza kukumbuka kwamba walimpigia aliyeshinda. Anza na swali la kama alipiga kura, na uliulize kwa namna inayomrahisishia kusema hapana: watu wengi hawakuweza kufika kituoni kwa sababu mbalimbali, je, wewe ulifanikiwa? Ndipo umuulize aliamua lini, na mwishoni kabisa alimchagua nani.