Jembe na daftari: maswali yenu kuhusu bustani ya shule

Mwanangu yuko darasa la tano. Kila wiki anaambiwa aende shuleni na jembe. Nilimpeleka kusoma au kulima? (Mama, Morogoro)

Inategemea, mama: daftari naye kabeba? Chukua tuta la mita 6, mche mmoja wa sukuma wiki kila sentimita 50. Ubaoni, 600 gawanya kwa 50 ni 12, darasa zima linakubali. Wakienda tutani na kamba, inaingia miche 13. Ubishi unaanza, mpaka mmoja anagundua kuwa mche wa kwanza umesimama kwenye sifuri. Hesabu ya namna hiyo haisahauliki.

Au maharage: yakianza kutoa maua, wang'oe shina moja taratibu, waoshe mizizi kwenye ndoo. Wataona vifundo vidogo. Kimoja kikipasuliwa kwa ukucha, ndani kina rangi ya waridi. Humo bakteria wanakamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kuchora hilo ubaoni ni kupoteza chaki.

Shikamoo. Kwetu bustani ni adhabu, wanaolima ni wakorofi tu. (Mwanafunzi, kidato cha pili)

Marahaba, mwanangu, na pole. Mimi nililimishwa matuta mawili kwa kuchelewa namba, na jembe nikalichukia miaka mingi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washirikishwe katika maamuzi. Je, kuna aliyewaambia mboga zinakwenda wapi? Kama zinaishia majumbani kwa walimu, una haki ya kulalamika.

Shule yetu iko mjini, uwanja wote ni saruji. (Mwalimu, Dar es Salaam)

Gunia, mwalimu. Changanya udongo na samadi iliyooza. Katikati weka kopo lililokatwa kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayoshusha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, pachika miche.

Likizo tunafanyaje? (Mwalimu huyo huyo)

Mchicha upandwe wiki sita hivi kabla ya kufunga shule. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne mnachuma. Na kama shule ina mipapai, mkabidhini mlinzi aimwagilie, na mkubaliane mapema kwamba mapapai yatakayoiva likizo ni yake.