Mume wangu hataki nifunike meni swichi ya sebuleni, nijenge kabati akiwa safarini?

Barua yenyewe nimeifupisha, ila maneno ni yake:

"Shangazi shikamoo. Nina miaka mitatu kwenye ndoa. Sebuleni kwetu ule ukuta unaotazamana na mlango ndo kuna mita, meni swichi, waya zimepita juu ya plasta, na pembeni mabomba mawili na koki ya kufungia maji ya nyumba nzima. Mgeni akiingia tu macho yanaanzia hapo, mpaka nimeacha kukaribisha watu. Nimejifunza useremala mdogo mdogo, nimeshatengeneza shelfu mbili na ziko imara, nikanunua plaiwudi nijenge kabati lifunike vyote, na mtungi wa gesi niuingize humo humo maana unakaa njiani. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema ile swichi haifunikwi. Tumenuniana wiki mbili. Utotoni kwao iliwahi kutokea shoti usiku lakini sasa si ni mtu mzima. Mwezi ujao anasafiri siku kumi. Nijenge akiwa hayupo, akirudi akute kumependeza?"

Marahaba mwanangu. Usijenge akiwa hayupo. Nalisema mapema maana najua plaiwudi iko hapo imeegeshwa ukutani inakutazama na siku kumi ni nyingi kwa mtu mwenye msumeno na hasira.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikirudia nagota sehemu moja tu, kale kamstari ka shoti. Umekaandika kama kitu cha kupita ukaendelea na habari za wageni, lakini mi naona barua nzima iko pale. Mtoto anaamshwa usiku, giza, harufu ya waya unaoungua, watu wazima wanapapasa ukuta kutafuta pa kuzima, sijui ilikuaje huko kwao na wala we hukuniandikia, na nina wasiwasi hukuniandikia kwa sababu hujawahi kumuuliza mpaka mwisho. Muulize. Tena usimuulize ukiwa umeshika futi mkononi, muulize siku nyingine kabisa, kaeni, mwambie nisimulie ile ya shoti, ulikuwa na miaka mingapi, nani alizima, alichukua muda gani. Alafu nyamaza usikilize. Usimalizie na "lakini sasa". Mtu akisema swichi haifunikwi na huku hawezi kueleza kwa nini, mara nyingi si ubishi, ni kitu alishakiona.

Na wewe pia sikudharau. Kukaa sebuleni kwako mwenyewe ukiona haya ni mzigo, kuna watu watakwambia hizo ni waya tu, zoea, mi sikwambii hivo. Miaka mitatu unapanga viti vitazame upande mwingine, unakatisha marafiki wasije, hiyo inakula mtu taratibu. Haki ya kutaka nyumba yako ipendeze unayo. Ila kabati ulilolichora kichwani, hilo hilo lilivyo kwenye barua, mume wako ana sababu ya kulikataa na mimi nalikataa pamoja naye.

La kwanza mtungi wa gesi. Hapana, hapana kabisa, huo hauingii humo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi ikatoka dirishani, inashuka inakaa chini, na ukiifungia kwenye boksi inajikusanya tu pale. Alafu boksi hilo hilo lina swichi na breka ambazo zikiwashwa au kuzimwa zinaweza kutoa cheche. Kitu kama hicho hata kama ni kizuri kiasi gani usikijenge. Mtungi ukae wima, mbali na umeme na moto, sehemu inayopita hewa, nje ya nyumba ikiwezekana, na kama unataka kuuficha utengenezee kizimba chake peke yake chenye matundu mapana chini kabisa usawa wa sakafu na mengine juu.

La pili umeme na maji kuwa chumba kimoja. Ukutani viko jirani sawa, lakini ndani ya kabati weka ukuta wa mbao katikati kuanzia chini mpaka juu, yaani kwa nje linaonekana kabati moja lenye milango miwili, kwa ndani ni makabati mawili yasiyojuana. Na angalia bomba lisipite juu ya swichi. Kama linapita juu, hapo acha useremala kwanza, mwite fundi alihamishe, maana koki ikianza kudondosha tone moja moja hutalisikia tena ukishaweka mlango.

Hili la kudondosha limenikuta. Niliwahi kuziba mabomba ya bafuni kwa mbao na misumari, nikapaka rangi, pakapendeza sana, na ndani yake kiungio kikaanza kuvuja kidogo kidogo hatukujua mpaka rangi ya chumba cha pili ikaanza kubabuka na ukibonyeza ubao wa chini kidole kinazama. Siku ya kuvunja ilibidi kutumia nyundo huku maji yanamwagika, kwa sababu koki ya kuyafunga nayo niliizibia humo humo. Tangu siku hiyo nikijenga cha kuficha najiuliza kitu kimoja tu, jicho halioni sawa, je mkono unafika? Kificho kizuri kinaficha macho, mkono kinauachia njia.

Sasa mwanangu kabati ambalo mkono unafika ni hili, na naomba ulichore kwenye karatasi umpelekee mume wako kabla hujakata hata ubao mmoja.

Halina mgongo. Ukuta wenyewe ndo mgongo, kwa hiyo ni fremu tu yenye mbavu mbili, ile mbao ya katikati, kichwa na milango. Pima kile kilichojitokeza zaidi ukutani, iwe mita au mpini wa koki, ongeza sentimita 5 kwa mbele ili mlango usiguse kitu na vidole vipate nafasi ya kuzunguka koki. Upana wa vitu unavyotaka kuvifunika upime sehemu tatu, juu, kati na chini, ushike kile kipimo kikubwa, macho hayakwambii. Plaiwudi ya milimita 18 kwa fremu inatosha kabisa, bao zima kwa kawaida ni milimita 2440 kwa 1220. Ukishaunga fremu pima kona kwa kona, mishazari miwili ikilingana basi iko mraba, isipolingana isukume mpaka ilingane kabla gundi haijakauka, ukiacha hivo hivo mlango utakusumbua kila siku. Na toboa tundu dogo kabla ya kila skrubu inayoingia ubavuni mwa plaiwudi, la sivyo inapasuka matabaka.

Acha uwazi wa sentimita 2 au 3 chini na juu ili hewa izunguke, mita na breka hutoa joto kidogo na mabomba ya maji baridi hutoka jasho, unyevu ukifungiwa unaleta ukungu. Kingo zote ulizokata pitisha rangi au vanishi mara mbili, hasa zile za chini, plaiwudi hunywa maji kupitia kingo. Kama ulichonunua ni MDF, yaani ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, wala si plaiwudi basi upande wa maji usikitumie, MDF ikilowa inavimba na hairudi.

Milango ndo roho ya kazi yote. Ifunguke mpaka ilale ukutani, siyo nusu. Bawaba imara, mpini wa kuvutia, sumaku ndogo ya kushikilia, basi. Hakuna kitasa cha kufunga, hakuna komeo, hakuna funguo, hata kama una watoto na hata kama kuna mtu anakwambia ni salama zaidi. Acha milimita 3 kuzunguka kila mlango kwa sababu mbao hutanuka msimu wa unyevu na mlango uliokwama usiku wa shida ni sawa na kufungwa kwa funguo. Mbele yake pasikae kitu, si kochi, si meza ya tivii, si chungu cha maua. Ndani napo pasigeuke stoo, najua utaona nafasi nzuri ya kuweka fagio au makopo ya rangi, usiweke, hata gazeti moja.

Kwenye kulifunga ukutani hapa nisikilize vizuri. Ukizima meni swichi, waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye swichi BADO una umeme. Watu wengi hudhani wakishazima kila kitu kimekufa, hapana, upande ule uko hai muda wote. Kwa hiyo usifungue mfuniko wowote, usikate lakiri ya mita, usisogeze waya hata ule unaokukera zaidi, huo mwite fundi umeme mwenye leseni auingize kwenye bomba lake la plastiki au mfereji, na pengine hilo peke yake litapunguza nusu ya ubaya unaouona. Na usitoboe ukuta moja kwa moja juu, chini au ubavuni mwa swichi, waya zilizozikwa kwa kawaida hupita humo zikiwa zimenyooka. Kabati lisimame kwa miguu yake sakafuni, kisha likamatwe na skrubu chache pembeni kabisa mbali na njia hizo, liwe la kung'oka kwa dakika chache kama fundi akihitaji ukuta wote. Kama nyumba ni ya kupanga mwambie mwenye nyumba, na kama kuna mtu huja kusoma mita aweze kuisoma bila kuomba msaada.

Umeona sasa, kila kitu hapo juu kinajibu hofu ya mume wako, na bado mgeni akiingia anaona milango miwili misafi tu. Ndo maana nakwambia usijenge akiwa safari. Ukimjengea kwa kushtukiza, hata liwe zuri vipi, yeye akifungua mlango wa nyumba atakachokiona ni kwamba ile swichi imepotea na aliyeipoteza ni wewe unayejua kilichompata. Kama ni lazima siku zile kumi zitumike, zitumie kupiga msasa.

Mpe kazi humo ndani. Siyo kazi ya kumfurahisha, kazi ya kweli: yeye ndo aseme milango ifungukie upande gani, yeye ndo aseme mpini wa mlango uwe kimo gani, maana mkono wake ndo umeota hiyo swichi miaka yote. Akisema anataka utepe unaong'aa gizani kwenye mpini, weka. Akisema anataka tochi ining'inie ubavuni kwa nje, weka, hata kama inaharibu kidogo muonekano. Na kama baada ya kuona mchoro bado anakataa, acha wiki nyingine ipite, usimbane, mwambie tu nilikuuliza ya shoti kwa sababu sikuwahi kukuuliza. Plaiwudi ikilazwa bapa mahali pakavu haiharibiki.

Lakini akikubali, siku ukilimaliza usianze kumwonyesha rangi wala ulivyolainisha kona. Subiri usiku, zima taa zote za sebuleni, simama naye mlangoni, mwambie nenda kazime meni.